Gitare ya Zamani: Chungulia Ndani Mbele ya Kuuzisha

Mwezi huu tunasema juu ya gitare kavu, ile isiyotumia umeme. Katika nyumba nyingi za Likasi, Kolwezi, Kipushi na Lubumbashi kuna gitare moja ya namna hiyo, imetundikwa ukutani ao imelazwa juu ya kabati. Nyuzi zimekatika, vumbi imejaa ndani. Babu aliinunua zamani, wakati alipotumika kwa Union Minière, na tangu alipokufa hakuna anayeigusa. Kisha siku moja mtu anapita, anaitazama, anasema: "Baba, hii gitare imezeeka, lakini nitakupatia dola kumi na tano." Mzee anafurahi, kwa maana alizani kitu kile hakina bei tena. Ao mtoto wa nyumba, kwa roho nzuri kabisa, anaipeleka kwa seremala apige papye-vere na verni mupya, "ipate kung'aa sawa ya ku magazini".

Mambo mawili hayo yanaharibu gitare za zamani kuliko mchwa. Mtu wa kwanza ameuzisha kitu asichokijua. Wa pili amefuta kwa saa moja alama zote ambazo zingeonyesha gitare ile ni ya nani, ya wapi na ya mwaka gani. Kwa wanunuzi wa gitare za zamani, ile iliyopakwa verni upya inapoteza mara nyingi karibu nusu ya bei yake, hata kama sasa inapendeza macho.

Lakini tusidanganyane. Gitare nyingi za zamani si mali. Ni gitare za bei rahisi zilizotoka kiwandani kwa maelfu, na mtu akikuambia kwamba kila gitare yenye miaka 60 ni zahabu, anataka kukuuzishia moja. Kazi yetu leo ni kujifunza kutofautisha: ipi ni ya kawaida, ipi ni ya nadra, na alama ziko wapi.

Tuanze na gitare iliyo karibu nasi. Vijana wote wa Katanga wanapaswa kujua jina la Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, aliyepiga gitare kavu kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, na watu wakazani ni watu wawili wanaopiga. Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, alimkuta Jadotville, mji tunaoita leo Likasi, akamrekodi. Santuri zake, pamoja na ule wimbo "Masanga", zilitoka kwa jina la Gallotone, alama ya kampuni Gallo ya Afrika ya Kusini. Bosco alikufa kwa ajali ya gari huko Zambia mwaka wa 1990, lakini mpaka leo wapigaji wa ng'ambo wanajifunza vidole vyake noti kwa noti.

Sasa, kampuni ile ile Gallo iliyouza santuri iliuza pia magitare. Yalitengenezwa Afrika ya Kusini, na ndani ya tundu lao kulikuwa etikete ya karatasi yenye jina Gallotone. Moja iliitwa Champion. Ilikuwa ndogo kidogo kuliko gitare ya kawaida, karibu robo tatu ya ukubwa wake, na etikete yake iliahidi kwa Kiingereza kwamba haitapasuka. Ilikuwa gitare ya mtu asiye na feza mingi.

Champion moja ilifika Uingereza. Katika mwaka wa 1957 kijana mmoja wa Liverpool, mwenye miaka 16, aliipata kwa njia ya posta, kwa bei ya paundi kumi na kidogo. Tarehe 6 mwezi wa 7 mwaka ule, aliipiga na rafiki zake kwenye sikukuu ya kanisa la Mtakatifu Petro huko Woolton, na siku ile ile akakutana kwa mara ya kwanza na kijana mwingine aitwaye Paul McCartney. Yeye alikuwa John Lennon, na pamoja waliunda baadaye Beatles. Ile Gallotone iliuzishwa kwa mnada wa Sotheby's, London, mwaka wa 1999, kwa paundi 155.500.

Vijana, msikimbie bado kutafuta ngazi ya kupanda juu ya kabati! Ile paundi 155.500 haikununua mbao. Ilinunua John Lennon. Champion nyingine, dada yake kabisa, iliyotoka kiwanda kile kile, haiwezi kukaribia bei hiyo hata kidogo. Lakini kuna somo ndani yake: kitu kilichoinua gitare ya maskini ni kwamba watu waliweza kuonyesha ni ile ile. Foto za siku ile zilikuwako, etikete ilikuwako, jamaa walijua ilipita wapi. Gitare bila historia ni mbao na nyuzi. Kwa hiyo, kama mzee wenu angali na nguvu ya kusema, mumuulize leo: aliinunua wapi, kwa nani, mwaka gani, alilipa ngapi? Andikeni jibu katika kayé, muweke na foto yake akiwa ameishika, kama iko. Na kama fakture ya magazini ingali katika sanduku la nguo, hiyo ni karatasi ya maana kuliko mnavyozani.

Kwa nini Gallotone iliweza kuahidi kwamba haitapasuka? Kwa sababu ilitengenezwa kwa tripleksi, ni kusema mbao nyembamba zilizobandikwa moja juu ya nyingine kwa kole. Ubao mzima unapumua: wakati wa mvua unavimba, wakati wa baridi na vumbi, mwezi wa sita na wa saba, unakauka na kujikunja, na mara unapasuka kwa mstari mrefu. Tripleksi haijali. Lakini sauti yake ni fupi, haifunguki na miaka. Ubao mzima, ukiwa wa muti muzuri, unalia vizuri zaidi kadiri unavyozeeka. Ndiyo sababu gitare zote za bei kali za zamani zina uso wa ubao mzima.

Namna ya kujua ni rahisi, na kila mtoto anaweza kuifanya. Chukua torshi. Tazama ukingo wa tundu, pale ubao ulipokatwa. Kama mistari ya muti unayoiona juu ya uso inaingia na kushuka moja kwa moja mpaka chini, ni ubao mzima. Kama unaona tabaka mbili ao tatu kama mkate uliopakwa siagi katikati, ni tripleksi. Fanya tena hivyo kwa mgongo: tafuta alama fulani ya muti kwa nje, fundo ao mstari mweusi, kisha uitafute kwa ndani mahali pale pale. Ukiikuta, ubao ni mmoja. Kama ndani kuna mistari mingine kabisa, ni tripleksi, hata kama nje imepakwa sura ya muti wa bei.

Baada ya hapo unachungulia ndani. Fundi wa kweli hasomi kwanza kichwa cha gitare, anasoma tumbo. Kichwani mtu anaweza kubandika jina lolote. Katika miaka ya 1970 kulikuwa gitare za Japan ambazo kichwa chao, ukikitazama kutoka mbali kidogo, unasoma jina la Marekani, kumbe ukikaribia ni jina lingine lililoandikwa kwa mwandiko ule ule. Haziko gitare mbaya, wengi wanazipenda, lakini si zile.

Ndani, tazama sehemu tatu. Ya kwanza ni kipande kikubwa cha muti pale shingo inapoingia tumboni. Mara nyingi kimepigwa muhuri wa nimero. Ya pili ni mgongo wa ndani, pale etikete inapobandikwa, ao pale muhuri unapopigwa juu ya muti wenyewe. Ya tatu ni mihimili, zile fito nyembamba zinazoshikilia uso kwa ndani. Hizo huwezi kuziona kwa macho tu. Ingiza kioo kidogo cha kunyolea ndevu pamoja na mwanga wa telefone.

Tuchukue kampuni inayosomwa vizuri kuliko zote, ni kusema Martin. C. F. Martin alikuwa fundi wa Markneukirchen, Ujerumani, aliyehamia New York mwaka wa 1833, kisha akapeleka kazi yake Nazareth, Pennsylvania, na wajukuu wake wako kule mpaka leo. Jambo la kwanza linalochanganya watu: gitare zake ziliendelea kupigwa muhuri wa "New York" mpaka 1898, hata kama miaka makumi zilikuwa zikitengenezwa Nazareth. Basi Martin yenye "New York" ndani yake na isiyo na nimero ni mzee sana. Mwaka wa 1898 ndipo nimero zilianza, na walianza na 8000, si na 1. Tangu pale kila gitare ina nimero yake kwa mpango, na karatasi za kiwanda zimetunzwa: mwisho wa 1930 walifika 45317, na mwisho wa 1944 walifika 90149. Hivi, Martin yenye nimero 60000 na kitu ilizaliwa katikati ya miaka hiyo, mbele ya vita vya pili vya dunia. Tangu mwisho wa 1930 walipiga pia jina la namna, kwa mfano 00-18 ao D-28. Sehemu ya mbele ni ukubwa: 0 ni ndogo, 00 inafuata, 000 ni kubwa, na D ni ile pana sana iliyopewa jina la Dreadnought, manowari ya Waingereza. Sehemu ya nyuma ni uzuri wa kazi na muti: 18 ya miaka ile ni ya mahogani, 28 ni ya muti wa Brazili wenye rangi ya kahawia nyeusi, 45 imezungushiwa pembeni vipande vinavyong'aa vya konokono wa bahari.

Hapo nimero moja tu inaweza kubadilisha mambo yote. Tazama D-28. Mpaka karibu na mwisho wa 1944, mihimili yake ya ndani ilichongwa kama bonde, nyembamba katikati, ili uso utikisike kwa urahisi. Kisha watu walianza kutumia nyuzi nene, gitare zikarudi kiwandani uso umevimba, na kampuni ikaacha kuchonga. Pembeni mwa uso kulikuwa pia pambo dogo linalofanana na mifupa ya samaki. Nalo likaisha karibu na mwanzo wa 1947. Mtu asiyejua anaona gitare mbili za kahawia zinazofanana kama mapacha. Anayejua anaingiza kioo, anagusa mhimili kwa kidole, anatazama pambo la pembeni, na anajua kwamba moja inauzishwa kwa makumi ya maelfu ya dola na nyingine kwa chini sana. Ile D-45 ya mbele ya vita ni ya nadra zaidi: kutoka 1933 mpaka 1942 walitengeneza 91 tu kwa dunia nzima. Mtu akikuletea ya 92, umukaribishe kwenye kiti, umupe maji ya kunywa, lakini usimupe feza.

Nadra peke yake haitoshi, mukumbuke. Martin ilitengeneza D-18E katika miaka ya 1958 na 1959, gitare kavu iliyotobolewa na kuwekewa vipokeo vya umeme. Zilikuwa karibu 300 tu. Je, watu walizitafuta? Hapana. Wapenzi wa gitare kavu waliona imeharibiwa, na wa umeme waliona inapiga kelele. Kisha Kurt Cobain, mwimbaji wa Marekani, akapiga moja mbele ya televisheni huko New York, mwezi wa 11 mwaka wa 1993, miezi michache mbele ya kufa kwake. Ile moja iliuzishwa mwaka wa 2020 kwa dola milioni 6 na elfu 10.

Kwa Gibson, kampuni iliyokuwa zamani Kalamazoo, Michigan, kusoma ni kugumu zaidi. Nimero zake hazina mpango mzuri kama za Martin. Katika miaka ya 1960 nimero moja inaweza kuwa juu ya gitare mbili ao tatu. Kwa hiyo nimero haitoshi. Na kuna habari moja inayoonyesha ginsi ya kufanya. John Lennon, tena yeye, alinunua Gibson J-160E mwaka wa 1962. Mwisho wa 1963 ikapotea huko London. Miaka ikapita. Mtu mmoja wa San Diego, California, asiyejua kitu, aliinunua kwa dola 175 na kuipiga nyumbani kwake karibu miaka 40. Siku moja aliona foto katika gazeti moja, akasema: hii inafanana na yangu. Wajuzi walilinganisha nimero, na ilikuwa ile ile, 73157. Lakini hawakuishia pale. Walichukua foto za zamani, wakalinganisha mistari ya muti juu ya uso. Mistari ya ubao ni kama alama ya kidole cha mtu: hakuna mbao mbili za kufanana. Ikawa yenyewe. Mwaka wa 2015 iliuzishwa kwa dola milioni 2 na elfu 410. Ndiyo maana tunasema foto ya zamani isitupwe hata kama imechakaa. Kama mzee anaonekana pale na gitare, na mistari inaonekana, hiyo ni ushuhuda unaopita maneno ya watu kumi.

Kwa Gibson za wakati wa vita, mama na mabinti wetu watafurahi kusikia hii. Kuanzia 1942, kichwani mwa gitare nyingi za Gibson kulikuwa utepe mdogo wa rangi ya zahabu, wenye maneno ya Kiingereza yanayosifu kampuni. Wanaume walikuwa wamekwenda vitani, na kampuni ilisema mbele ya watu kwamba imeacha gitare, inatengeneza vitu vya jeshi tu. Kumbe ndani ya kiwanda wanawake walikuwa wakitengeneza gitare, kwa maelfu. Foto moja ya makumi ya wanawake wamesimama mbele ya kiwanda ndiyo iliyomusukuma mwandishi John Thomas kuwatafuta waliokuwa wangali hai, akaandika kitabu "Kalamazoo Gals". Alizipeleka gitare mpaka kwenye mashini ya radio, ile inayopiga foto za mifupa hospitalini, na aliona kwamba kazi ya ndani ya zile za wanawake imechongwa kwa wembamba na uangalifu kuliko zilizofuata. Nitasema wazi: kwa masikio yangu, zile gitare zenye utepe zinashinda nyingi zenye mapambo matatu.

Kuzitambua, usitafute nimero ya kawaida. Mara nyingi haiko. Kuna nimero ya oda ya kiwanda, imepigwa muhuri ndani, juu ya kile kipande cha muti cha shingo. Na kwa sababu ya vita, walitumia kilichopatikana. Chuma ilipungua, kwa hiyo nyingine hazina ile fimbo ya chuma ndani ya shingo. Chukua gitare kwa mkono na utasikia shingo ni nene kama mpini wa jembe. Uso mara nyingine umeunganishwa kwa vipande vinne vya ubao badala ya viwili. Muchuuzi asiyejua atakuambia: "Hii imetengenezwa vibaya, imeungwaungwa." Wewe nyamaza, uangalie kichwa.

Kuna tena zile za ajabu, ambazo hata mtoto anaziona si za kawaida. Gitare za Selmer za Paris, zilizobuniwa na Mario Maccaferri Mwitalia, zilitengenezwa kutoka 1932 mpaka 1952, na hazikufika elfu moja. Za kwanza zina tundu kubwa la sura ya herufi D; za baadaye tundu ni dogo kama yai. Django Reinhardt, aliyezaliwa Liberchies, Ubelgiji, mwaka wa 1910, ndiye aliyezijulisha, akipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto kwa sababu vingine viliharibiwa na moto. Zimeigwa mara nyingi sana, basi tundu la D peke yake si ushuhuda. Na yule Maccaferri, akiisha kuhamia Marekani, alitengeneza mwaka wa 1953 gitare ya plastiki nzima! Watu walicheka. Wengi wakizikuta sasa wanazani ni mchezo wa watoto na kuzitupa, kumbe ilikuwa kazi ya fundi yule yule wa Selmer.

Huko Chicago walikuwako ndugu wawili waliotoka Sweden, Carl na August Larson. Walitengeneza gitare nzuri sana kutoka mwanzo wa karne ya 20 mpaka miaka ya 1940, lakini hawakuandika jina lao hata juu ya moja. Utakuta Maurer, ao Prairie State, ao Euphonon, ao jina la muchuuzi aliyeagiza. Anayetafuta jina Larson hatalipata. Anayechungulia ndani atakuta mihimili iliyounganishwa mbao tatu, nyeupe, nyeusi, nyeupe, na katika Prairie State fimbo za chuma zinazopita tumboni kutoka shingo mpaka mwisho. Hapo utambue unatazama kazi yao.

Na zile za kawaida? Harmony ya Chicago ilitengeneza gitare nyingi sana mpaka ilipofunga 1975. Ndani utaona muhuri wa wino, herufi F ao S pamoja na tarakimu mbili. Hizo mbili ni mwaka, hivi F-64 ni 1964. Kama gitare yako imetoka Ulaya na ni Framus ya Ujerumani, tafuta nimero ya sehemu mbili: sehemu ya pili ina mwaka na herufi ya mwezi, A ni mwezi wa kwanza, L ni wa kumi na mbili. Nimero inayoishia 63L ni ya mwezi wa 12 mwaka wa 1963. Si mali kubwa, lakini ni raha kuweza kumwambia babu mwezi gitare yake ilipozaliwa.

Sasa nyumbani. Usiweke nyuzi za chuma mbele ya kujua gitare ilitengenezwa kwa nyuzi gani. Gitare nyingi za mbele ya miaka ya 1920 zilikuwa za nyuzi za matumbo ya nyama, laini. Chuma inavuta kwa nguvu nyingi zaidi, na katika wiki chache daraja linang'oka na uso unapinda. Ufa usiuzibe kwa kole ya viatu. Fungu za kukazia nyuzi, hata kama zimeoza, usizitupe. Fundi akiweka mupya, zile za zamani zifungwe katika karatasi na kubaki na gitare, kwa maana mnunuzi atauliza. Vumbi ipanguse kwa kitambaa kikavu tu, na etikete usiiguse kwa maji.

Jambo la mwisho ni la mipaka na duane. Ule muti wa Brazili wa D-28 za mbele ya 1969 unaitwa kule jacarandá. Wa Lubumbashi, musichanganye: hauko ule jakaranda wetu wa maua ya zambarau unaopamba njia za mji. Ni muti mwingine kabisa, na tangu 1992 umelindwa na sheria ya mataifa inayoitwa CITES, kwa namna kwamba gitare iliyotengenezwa nao haipite mpaka wa inchi kwa kuuzishwa bila karatasi za serikali. Mukula wetu, ambao tumeona malori yakiubeba kuelekea Zambia, uliingia katika orodha ya CITES mwaka wa 2019, katika daraja lisilo kali kama lile. Kwa hiyo, kama mtu wa ng'ambo anakuandikia kwamba umutumie gitare haraka, atalipa ikifika, usitume. Piga foto sita kwa mwanga wa asubui: uso mzima, mgongo, kichwa mbele na nyuma, ukingo wa tundu kwa karibu, etikete ao muhuri, na nimero. Hizo zitume. Mjuzi wa kweli ataweza kusema mengi kwa foto sita, na ataomba ya saba, ya mihimili kwa kioo. Asiyeomba foto hata moja, anayetaka gitare yenyewe tu, mwache aendelee kungoja.